Kiti Kirudi Kilikotoka

9 Februari

Dada mpendwa,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Mimi mdogo wako ni mzima, na cherehani nayo ni nzima, isipokuwa mkanda wake unapiga kelele kila nikishona kitambaa kizito. Mama wa mapacha, jirani yetu, anakusalimu. Mapacha wenyewe wangekusalimu kama wangeweza kuacha kugombana kwa muda wa kutosha. Shule imenipa kazi ya kushona sare, kwa hiyo usinifikirie kuwa nalala njaa.

Unajua, nilipokaa kuandika nusura nianze kama Mama: "Kabla hujasoma, kula kwanza." Miaka yote uliyokuwa huko alikuwa akinitamkia barua nami naandika, na kila mara nilimwambia, Mama, barua haianzi hivyo. Naye ananijibu, "Andika, Mgeni wangu, barua ni yangu." Sasa hakuna wa kuniita Mgeni tena. Nilizaliwa wakati ameshagawa nguo zote za watoto, akaona huyu kweli amekuja bila taarifa, na jina likanikaa.

Jambo lenyewe ni Baba. Tangu mazishi hajasema neno. Sisemi kwamba amekuwa mpole, nasema hatoi sauti kabisa. Namwekea chai, inapoa mbele yake mpaka inafanya utando. Anakaa kwenye kiti chake akikitazama kiti cha Mama, kile kifupi chenye mgongo wa kamba, kama mtu anayengoja aitwe na daktari. Suruali zake nimeshazipunguza kiuno mara mbili, na fundi anajua kiuno kinachopungua hivyo kinaelekea wapi. Naogopa, Dada. Naogopa nitamzika na yeye kabla mwaka haujaisha.

Hii ndiyo kazi yako. Unauguza watu wa namna hii na unafundisha wengine kuwauguza. Niambie nifanye nini. Simu ya dukani haifai, foleni nzima inasikiliza.

Na wewe umelia? Kwa nini hukuja kumzika, sikuulizi. Nauliza hilo tu.

Mdogo wako,
Fundi


27 Februari

Fundi wangu,

Nashukuru kwa barua. Mimi sijambo, niko peke yangu kwenye chumba changu cha juu kama kawaida, na kazi ni ile ile, asubuhi wodini, mchana darasani. Wanafunzi wa mwaka huu wana moyo, ila bado hawana macho. Mmoja wao siku ya kwanza alimfuata mgonjwa aliyevaa tai wodi nzima, akiandika kila alichoambiwa, akidhani ndiye daktari mkuu. Nilipomtoa pale aliniambia amejifunza mengi, na nikisoma alichoandika naona hakusema uongo.

Hali ya Baba naifahamu. Amebaki na maneno, na aliyekuwa wa kuyasikia hayupo. Katika tiba ya familia tunatumia kiti kitupu. Weka kiti mbele yake, mwambie: huyu hapa ni Mama, mwambie ulichobaki nacho. Usimsaidie kutafuta maneno. Akinyamaza, nyamaza naye. Akimaliza, amuage kwa kinywa chake, halafu kiti kirudi kilikotoka. Hilo la mwisho shika sana, wanafunzi hulisahau kwenye mtihani kila mwaka.

Ikiwa mfiwa ni mzito mno, kuna hatua nyingine, mtu hukaa kwenye kile kiti akajibu kwa niaba ya marehemu. Hiyo wewe usiiguse. Anayekaa pale, akisimama tu, lazima ataje jina lake kwa sauti mbele ya watu, ili arudi kuwa yeye. Nilifanya kazi na muuguzi mmoja aliyepuuza. Alikwenda nyumbani na majonzi yasiyokuwa yake, akakaa nayo muda mrefu.

Unaniuliza kama nimelia. Kesho nina somo la namna ya kumhudumia mfiwa na bado sijaandaa mifano.

Dada yako


20 Machi

Dada mpendwa,

Salamu zako zimefika, na mapacha wameng'oka meno ya mbele wote wawili, kila mmoja anamsingizia mwenzake. Na leo nina habari ya kukufanya urukeruke. Baba amesema!

Nilifanya kama ulivyoandika. Humu ndani, ukiacha kiti chake na kigoda changu cha cherehani, kuna kiti cha Mama tu, kwa hiyo nikakivuta hicho karibu na magoti yake. Nikamwambia maneno yako. Tukakaa kimya mpaka nikaanza kujiona mpumbavu. Halafu Baba akakohoa kidogo, akasema, "Ufunguo wa kabati uliuficha wapi, wewe mwanamke?"

Dada, nilicheka na kulia kwa pamoja. Miezi yote ya kimya, halafu ufunguo! Naye akaanza kulia, akamwambia mambo mengi, mengine si ya masikio ya mtoto. Mwishowe akamuaga vizuri, nami nikakirudisha kiti kilikotoka, pale pale mbele yake, mahali pake pa siku zote. Siku hiyo alikula mkate na supu, na akanigombeza kwa chumvi.

Kuna kitu kidogo. Baada ya kuaga alisimama, akaja chumbani kwangu moja kwa moja, akatia mkono kwenye kopo langu la vifungo, akatoa ufunguo. Nadhani alikuwa anajua siku zote, huzuni ilimsahaulisha tu.

Siku hizi wanaongea kila siku, asubuhi na alasiri. Yaani anaongea. Nikisimamisha cherehani namsikia. Anauliza jambo, ananyamaza, anatikisa kichwa, anaendelea. Kimya chake kina urefu wa jibu. Lakini anakula, na mimi kwa sasa sitaki zaidi ya hapo. Asante sana, Sista wangu mkubwa.

Fundi


4 Aprili

Fundi,

Hapa kwetu ni salama. Nilifurahi mno kwa barua yako hata nikawasomea wanafunzi sehemu ya ufunguo, wakapiga makofi. Baadaye nikaisoma tena ukumbini, nimesimama, na furaha ikanitoka.

Ulitumia kiti cha Mama? Fundi, kiti cha zoezi hakitakiwi kuwa na mwenyewe. Darasani ni vya plastiki, vyote vyeupe, hata mimi sijui jana nilikalia kipi. Na niliposema kirudi kilikotoka nilimaanisha kitoke chumbani, kikarundikwe stoo na wenzake. Wewe umekirudisha alikokuwa akikaa. Nimekuandikia kana kwamba nyumbani kuna stoo ya viti, na hapo nimekosea mimi.

Barua hii ikifika, kitoe ndani ya nyumba siku hiyo hiyo. Mpe mtu. Baba atanuna, mwache anune. Usibishane naye kuhusu anachosikia, na usikubaliane naye pia.

Usichelewe kunijibu.

Dada yako


11 Mei

Dada mpendwa,

Baba na Mama wanakusalimu. Usinikasirikie, nimeandika kama nilivyotumwa.

Barua yako imechelewa sana, bahasha ililowa njiani mpaka wino umehama. Nilipoisoma nilibeba kiti nikampelekea mama wa mapacha. Alishukuru, maana kiti kizuri. Kesho yake kabla ya mchana nikamwona mlangoni, kakiweka chini, na ndani hataki kuingia.

"Fundi, chukua kiti chenu."

"Kimevunjika?"

"Hakijavunjika. Watoto wangu wamekaa mbele yake asubuhi nzima wametulia."

"Si ndiyo raha yako hiyo?"

"Wale hawatulii hata wakiwa na homa!" akasema. "Nimewauliza mnafanya nini. Wananiambia wanasikiliza hadithi."

Hajaja tena hapa kwetu tangu siku hiyo. Nikipita kwake ananisalimia kwa mbali. Nilikificha kiti chumbani kwangu chini ya vitambaa vya sare, na Baba akageuza kiti chake, akawa anaongea akitazama mlango wa chumba changu. Mwisho nikaona namtesa bure mzee wa watu, nikakirudisha.

Jambo jingine nililotumwa. Mama anasema ujifunike kifua. Anasema unakohoa sana ukipanda ngazi, na dirisha la chumba chako halifungi. Mimi sijui kama ni kweli, hujawahi kuniandikia habari za dirisha.

Fundi


25 Mei

Fundi,

Sina kikohozi. Na dirisha langu linafunga vizuri tangu nilizibe kwa gazeti. Nani amekwambia?

Nisikilize sasa kama muuguzi, kabla sijawa dada yako. Watu wawili wanaoishi chini ya paa moja na huzuni moja wanaweza kuamini jambo moja lisilokuwepo. Mwenye nguvu analianzisha, aliye karibu naye analipokea. Nimewaona mume na mke, nimewaona mama na binti. Dawa ya kwanza ni kuwatenganisha. Nenda ukakae kwa rafiki yako kwa muda, umtafute mtu wa kumwangalia Baba. Kwangu muhula unaisha Agosti, siwezi kutoka kabla ya hapo, nina mitihani ya wodini ya kusimamia.

Swali moja, ulijibu. Wewe nawe unamsikia?

Na usiniandikie tena kwamba Mama ananisalimu. Akinisalimu mimi nitamjibu nini?

Dada yako


2 Julai

Dada mpendwa,

Salamu zetu sote. Umeniuliza kama namsikia. Mkanda wa cherehani nimebadilisha, sasa haupigi kelele kabisa.

Sikwenda kwa rafiki yangu. Kuna kazi nyingi hapa. Sare nimezirudisha shuleni, wakatafute fundi mwingine, kwa sababu Baba ameniagiza suti ya safari. Nguo zake nyingine amezigawa, hata koti la harusi. Begi lake liko mlangoni. Chakula ameacha, anasema atakula huko huko wanakokwenda, hakuna haja ya kusafiri na tumbo zito. Yuko na furaha, Dada. Amekonda mpaka mifupa ya mikono inahesabika, na anaimba. Anasema Mama amepanga waondoke mwezi huu, bado kumtajia siku.

Jana aliniuliza kama na mimi nitakwenda nao. Sikumkatalia. Kitambaa kimebaki cha kutosha, nimejipima.

Fundi


9 Julai

Fundi,

Nakuja na basi la Jumamosi. Mitihani watasimamia wengine.

Weka mkasi chini. Kitambaa hicho usikikate. Mpe Baba maji, akikataa kikombe mpe kwa kijiko, akikataa kijiko mlowanishe midomo. Kiti kiache kilipo.

Dada yako


14 Agosti

Dada mpendwa,

Natumaini ulifika salama. Nimengoja barua yako mpaka nimechoka kuingoja, basi nimeanza mimi. Nitaandika mambo uliyoyafanya kwa mikono yako mwenyewe, kwa sababu sijui wewe ulipokuwa pale uliona nini.

Ulifika jua likiwa kichwani. Hukumkumbatia mtu. Uliweka mkoba, ukakohoa mpaka ukashika ukuta, nami nikajua kuhusu kikohozi ulinidanganya. Ukapiga magoti mbele ya Baba ukamwambia, "Baba, leo Mama atakujibu mbele yetu sote, halafu mtaagana." Ukanigeukia: "Wewe simama mlangoni. Lolote utakalolisikia, usiitikie." Niliona uso wako wa kazini, nikatulia. Nilijiambia, huyu amefanya haya na watu wengi.

Halafu ukakaa.

Ulikaa kwenye ukingo, ukapishanisha miguu, ukawa unajisugua goti la kushoto, lile lililokuwa likimsumbua Mama. Nikasema moyoni, dada yangu anajua kuigiza. Na hukukohoa tena. Baba akauliza, "Tunaondoka lini?"

Ukamjibu, "Mimi nilishaondoka, bwana. Safari ile ilikuwa ya mtu mmoja. Wewe begi hilo umenifungia la nini?"

"Ulisema unanisubiri."

"Nilisema kula. Wewe husikii mpaka leo."

Kisha ukamwita kwa jina la utani, ambalo sitaliandika kwa sababu Baba amenikataza. Anasema mara ya mwisho kuitwa hivyo hata wewe ulikuwa hujazaliwa. Alilia kama mtoto, nami pale mlangoni nililia. Alikuaga akikushika mikono yote miwili. Ulimwambia, "Haya, tumeagana," ukasimama, na nikaona mabega ya Baba yameshuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Ukaniambia nikakipasue kiti. Nilikipasua uani kwa shoka, na kamba nikazichoma. Niliporudi ulikuwa umeshika mkoba, unasema basi litakuacha. Ulisimama mbele yangu ukanifunga kifungo cha juu cha shati, ukaenda.

Baba amepona. Anakula, ananigombeza, anabishana na redio. Suruali zote nimeziachia kiuno. Mama wa mapacha ameanza kuja tena kuazima pasi. Hakuna anayeongea na mtu asiyekuwepo. Ningekuwa mtu wa furaha kuliko wote mtaani, lakini nilirudia barua zako zote, na kuna kitu kinaninyima amani.

Hukutaja jina lako. Ulipokaa nilikuwepo, uliposimama nilikuwepo, na wakati napasua kiti dirisha lilikuwa wazi, ningesikia. Baba naye nimemuuliza, anasema hakusikia. Labda ulilitaja kimoyomoyo, au ndani ya basi. Kama hukulitaja, litaje sasa. Simama popote ulipo, hata wodini mbele ya wagonjwa wakucheke, ulitaje kwa sauti. Halafu uniandikie mstari mmoja tu: mimi ni dada yako. Sihitaji salamu wala habari. Nakuomba, Dada. Nilikuandikia nikuombe umwokoe Baba, sikukupa ruhusa ya kubadilishana.

Mdogo wako anayekupenda,
Fundi


30 Agosti

Kabla hujasoma, kula kwanza.

Barua yako imefika, nimeisoma kwa miwani yake. Umeandika vizuri, herufi zako zimenyooka kuliko zamani, ila acha kujitisha. Huku ni pazuri. Dirisha nimelishonea kitambaa, maana gazeti si la kuziba dirisha, upepo wote ulikuwa unamwingia kifuani. Kikohozi kimekwisha kabisa.

Wanafunzi ni watoto wazuri lakini wamekonda, hakuna anayewaambia wale. Juzi tulikuwa na somo la kumhudumia mfiwa. Niliwaambia waweke vitabu chini, wakasikiliza kimya mpaka mwisho, na yule aliyemfuata mtu mwenye tai alilia. Wakasema halijawahi kufundishwa hivyo.

Baba yako asinitafute. Tulishaagana, na tuliagana vizuri. Mwambie asizidishe chumvi, na wewe usimjibu akikugombeza, ni afya yake hiyo.

Unaomba mstari mmoja kutoka kwake. Nimemwambia, anasema bado kidogo. Alikuwa na kilio kikubwa mtoto yule, amekibana tangu siku ile walipomletea habari zangu akaiweka karatasi mfukoni akaenda kufundisha. Sasa anakitoa. Analia, analala, anaamka analia tena, nami namshika kichwa. Kazi yake naifanya mimi mpaka atakapotosheka kupumzika. Usiseme nimemchukua. Pale kwenye kiti alinong'ona kabla hajafumba macho, na Baba yako hakusikia, wala wewe pale mlangoni hukusikia. Alisema, "Mama, kaa na mimi kidogo."

Ningekataaje, Mgeni wangu?

Dada yako anakusalimu.